Muulize Bi Tabibu: jasho la ukweni, samaki aliyewasha uso na kizunguzungu cha futari

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya mtu anayetoka jasho akiwa anakula, sentensi mbili hivi, nikadhani imepita. Wacha bwana! Barua zimejaa mpaka mhariri ananiuliza nimeanzisha nini, kumbe watu wana mambo yao wakishakula na hawana pa kuyasemea, mmoja uso unawaka, mwingine shavu moja tu ndo linavuja, mwingine akishiba anapiga chafya. Nimechagua chache.

Kabla sijaanza, miaka yote niliyofanya kazi ya afisa tabibu nilikuwa nauliza swali moja hata kabla ya umekula nini: ilianza saa ngapi? Chakula bado kiko mdomoni, au umeshanawa na nusu saa imepita, au ni masaa mawili matatu baadae? Watu wanakumbuka sana walichokula, saa hawaikumbuki, na mara nyingi jibu liko kwenye saa.

Shikamoo bibi. Mie kijana wa miaka 31 naishi Temeke. Nikila natoka jasho kichwani kama nimemwagiwa maji, utosini, puani na juu ya mdomo, mwili mwingine wote mkavu. Juzi nimeenda ukweni mara ya kwanza, wakaleta pilau na kachumbari na pilipili ya kutwanga, tonge la tatu tu jasho linadondoka kwenye sinia na sinia lenyewe nakula na baba mkwe, akaniuliza mwanangu unaumwa? Mchumba wangu hakuniongelesha njia nzima. Huu ugonjwa gani na una dawa? (Jasho la Ukweni)

Marahaba mwanangu, na pole, ila nimecheka.

Yako ilianza chakula kiko mdomoni, tonge la tatu, na pilipili ya kutwanga ipo hapo hapo, kwa hiyo tuanze na pilipili. Pilipili haina moto wowote, ukiichomeka kipimajoto utakuta ni baridi kama nyanya. Ila kwenye ulimi na midomo kuna vijineva vyenye mlango maalum ambao kazi yake ni kufunguka joto likifika kama nyuzi 43 hivi, ili ubongo ujue hapa tunaungua. Sasa ile kemikali ya pilipili, kapsaisini, inaufungua mlango huo huo bila joto lolote, ni kama mtoto anayebonyeza kengele ya geti halafu anakimbia. Ubongo unapata taarifa kwamba mdomo unaungua, nao hauna muda wa kuchunguza, unafanya kile unachofanya mwili ukipata joto, unafungua jasho na kupeleka damu kwenye ngozi ya uso. Huo mlango ulitambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius kule California, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel akigawana na Ardem Patapoutian, kwa hiyo usione aibu, jasho lako limewapeleka watu Stockholm.

Maji hayasaidii, kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, unaisambaza tu mdomo mzima. Mtindi au maziwa ndo yanaikamata. Siku nyingine ukweni omba mtindi pembeni, pilau liache lipoe kidogo, kaa upande wa dirisha na leso iwe mfukoni sio kwenye begi.

Sasa nikuulize wewe. Ukila chungwa? Ukila andazi la jana lililopoa? Kama jasho linakuja kwa pilipili na vya moto tu, na umekuwa hivyo tangu mdogo, na pengine baba yako naye yuko hivyo hivyo, basi ni maumbile, wapo wengi. Lakini kama siku hizi linakuja kwa chakula chochote hata kisicho na pilipili, na limeanza ukubwani, kapime sukari. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu kinaharibu neva, na moja ya dalili zake ambazo watu hawazijui ni hii, uso na shingo kuloa jasho mara tu mtu akianza kutafuna. Nimewaona watu wamehangaika na feni miaka miwili, sukari yenyewe hawajawahi kupima.

Bi Tabibu hujambo. Jumapili nilinunua jodari wa vipande saa nne asubuhi, nikapitia shughuli zangu mjini, nikafika nyumbani saa nane nikampika wa kupaka. Tulikula watu wanne. Baada ya dakika kama ishirini mimi na shemeji tukaanza kuwaka, uso moto, masikio moto, kichwa kinagonga, moyo mbio, shemeji akatapika. Watoto walionja kidogo tu, wao hawakupata kitu. Jirani akasema tumewekewa sumu, mwingine akasema ni jicho la watu, na kwenye zahanati tukaambiwa ni aleji tusile samaki tena maisha. Mimi mzaliwa wa pwani, nimekula samaki miaka 44. Nisipokula samaki nile nini? (Mla Samaki, Kisauni)

Sijambo mwanangu, na samaki utakula.

Jirani wa kwanza amekaribia kuliko wote, sumu ilikuwepo ila hakuna aliyeiweka. Hesabu watu kwanza. Aleji ni mambo ya mtu na mwili wake, ni bahati mbaya ya ajabu watu wawili tofauti, mtu na shemeji yake, wapate aleji ya jodari siku moja dakika moja baada ya kula jodari miaka yote. Wawili wakiwaka kwa pamoja, mshtaki samaki.

Na hesabu saa. Saa nne mpaka saa nane ni masaa manne, samaki yuko kwenye mfuko wa plastiki, Mombasa, mwezi wa joto, hukuniambia habari ya barafu nami nahisi haikuwepo. Jodari, sehewa, nguru, vibua, hata dagaa wa baharini, nyama yao ina histidini kwa wingi, ambayo peke yake haina neno. Ila samaki akikaa kwenye joto bakteria wanaigeuza kuwa histamini, na histamini ndo ile ile kemikali ambayo mwili wenyewe unaimwaga mtu akipata aleji. Kwa hiyo nyie hamkuwa na aleji, mlikula histamini iliyokwisha kutengenezwa, imo kwenye sahani. Ndo maana zahanati walichanganya, dalili ni zile zile, uso na shingo kuwaka, kichwa, moyo kwenda mbio, kutapika, tumbo kuharisha, wakati mwingine vipele. Na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ule wekundu unaoandikwa kwenye vitabu hauonekani vizuri, muguse mtu shingoni na masikioni utausikia moto, muangalie na macho.

Linalowaudhi wapishi ni kwamba histamini haiogopi jiko. Ukaange, uchemshe, umpake nazi, umrudishe kwenye friza, umtie kwenye kopo, ikishakuwepo ipo. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Watu wengine wanasikia ladha kama ya pilipili manga kwenye ulimi wakati hakuna aliyetia pilipili manga, ukiisikia hiyo tema, usione haya, na sufuria lote limwagwe hata kama umelia kwa bei.

Inaanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja hivi na kwa kawaida siku haiishi nayo imeondoka. Dawa za aleji kama setirizini zinasaidia hapa pia, kwa sababu zinaizuia hiyo hiyo histamini.

Jodari mwache awe kitu cha mwisho kununua, sio cha kwanza halafu ukazunguka naye mjini. Nenda na ndoo yenye barafu, na sio vipande vinne vya barafu juu kama mapambo, barafu chini na juu. Muulize muuzaji ameshuka lini huyu, akianza kutazama pembeni na wewe tazama meza ya jirani.

Ila nikutahadharishe, aleji ya kweli ya samaki, kamba, pweza, au karanga ipo, na hiyo si ya kuchezea. Mtu mmoja kati ya wengi waliokula, samaki mbichi kabisa, na kila akila inarudi, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwama, kifua kinabana, au anataka kuzimia, huyo hasubiriwi kidonge, anakimbizwa hospitali achomwe adrenalini pajani sasa hivi. Kama unataka kuwa na uhakika kuhusu wewe, omba upelekwe kwenye vipimo vya aleji, usikubali kuandikiwa marufuku ya maisha kwa tukio moja.

Bibi mimi nikishiba tu napiga chafya tatu au nne, hata nikila uji. Mke wangu anasema ndo dalili ya kuwa niache sahani. (Chafya)

Mkeo yuko sahihi. Wapo watu ambao tumbo likijaa linaamsha chafya, na huwa inatembea kwenye ukoo, muulize mama yako au wajomba. Haina madhara. Kama chafya zinakuja na vya moto na pilipili tu, pua inatiririka na hujashiba bado, hiyo ni neva za pua zinachokozwa na chakula, nayo pia haina madhara ila beba leso mbili.

Shikamoo Bi Tabibu. Niko Dodoma, mwanamke wa miaka 38. Mwaka juzi nilifanyiwa oparesheni ya uvimbe chini ya sikio la kushoto, wakasema ni tezi ya mate, uvimbe wa kawaida. Nikapona vizuri. Sasa tangu mwaka jana nikila, hasa embe bichi na chumvi, hapa mbele ya sikio la kushoto panapata moto na jasho linatiririka mpaka shingoni. Kulia hakuna kitu. Yaani hata nikimuona mtu anakata embe naanza. Naogopa uvimbe umerudi, na kazini wananiangalia. (Shavu Moja)

Marahaba mwanangu. Hii barua nimeipenda kuliko zote na samahani kwa kupenda shida ya mtu.

Uvimbe haujarudi, au tuseme hii sio dalili ya uvimbe kurudi. Hapo mbele ya sikio ilipokuwa tezi, zilipita neva zinazoiambia tezi toa mate. Wakati wa kuiondoa tezi zile nyuzi zinakatika, haina maana daktari alikosea, hakuna namna ya kuitoa bila kuzigusa. Neva zinaota tena taratibu, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, ndo maana ulikaa vizuri kwanza. Tatizo zikiota zinakuta tezi haipo, zinatafuta pa kwenda, zinajiunga na vijitezi vya jasho kwenye ngozi iliyo jirani. Ni sawa na fundi umeme aliyeunga nyaya vibaya, unawasha taa ya sebuleni feni ya chumbani inazunguka. Embe bichi linasema mate yatoke, mate hayana kwa kutokea upande huo, linatoka jasho. Na mishipa ya damu ya ngozi hapo nayo inapanuka kwa amri hiyo hiyo, ndo ule moto unaousikia. Na kwa kuwa mate hutoka hata kwa kufikiria, ndo maana ukimuona mtu anakata embe unaanza.

Inaitwa hali ya Frey, kwa jina la Łucja Frey, daktari mwanamke wa Poland aliyeieleza vizuri mwaka 1923 na kuionyesha kwamba ni mambo ya neva.

Kuna kipimo chake ambacho ni kizuri mno kukiangalia. Wanakupaka aidini shavuni na mbele ya sikio, inaacha rangi ya kahawia, wanaiacha ikauke kabisa. Halafu wananyunyiza unga wa wanga juu yake, ule mweupe mlaini. Halafu wanakupa kipande cha ndimu unyonye. Unakaa dakika chache hakuna kitu, halafu nukta moja ya bluu nyeusi, kisha ya pili, kisha doa zima linajichora kwenye shavu kama ramani, kwa sababu aidini na wanga vikikutana na maji ya jasho vinabadilika rangi. Upande wa pili unabaki kahawia vile vile. Mgonjwa mmoja niliyeshuhudia akifanyiwa aliomba kioo, akajiangalia akasema kumbe sikuwa mwongo.

Kwa matibabu, kama inakukera kidogo tu unaweza kupaka kwenye hilo eneo dawa ya kuzuia jasho, zile za kwapani zenye aluminiamu, usiku ngozi ikiwa kavu, mbali na jicho na usipake ukishanyoa au ukiwa na kidonda. Kama inakukosesha raha, mabingwa wa pua, koo na masikio wanachoma botoksi kidogo kidogo kwenye lile doa, inakata kwa miezi mingi halafu inarudiwa, bei yake ulizia kabla. Na ukipapasa ukakuta kinundu kigumu, hilo ni jambo lingine, rudi kwa aliyekupasua.

Assalaam alaykum Bi Tabibu. Naandika kutoka Maskati, baba yangu yuko Unguja ana miaka 76 na anatumia vidonge vya presha. Ramadhani iliyopita kila akishafuturu, akiinuka kwenda kuswali anasema joto limempanda, jasho la baridi, anayumba, na usiku mmoja alianguka. Akila kidogo haimpati. Shangazi anasema ni vyakula vya hari, tumpe vya baridi. Mimi niko mbali, nasikia kwa simu tu. (Binti wa Unguja)

Waalaykum salaam binti yangu.

Shangazi tusimcheke, hesabu ya hari na baridi ni ya wazee wa pwani na ina mizizi ya mbali, tiba ya Wayunani iliyopita kwa Waarabu mpaka kwetu. Na kweli kila chakula kinaleta joto, mwili unatumia nguvu kukisaga na nguvu hiyo inatoka kama joto. Protini ndo inaongoza, kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu yake inaishia kwenye kazi hiyo, wanga ni asilimia 5 mpaka 10, mafuta chini ya hapo, 0 mpaka 3. Kwa hiyo mtu aliyekula nyama nyingi akisema nasikia joto hadanganyi.

Ila baba anayumba, na joto la nyama haliangushi mtu. Jasho la baridi linanipeleka kwingine. Ukila, damu nyingi inakwenda tumboni. Kijana moyo wake unaongeza kasi na mishipa ya miguuni inajibana, presha inabaki pale pale. Mzee, hasa mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa kutetemeka, mwili unachelewa kujibu, presha inashuka. Akiinuka ghafla inashuka zaidi. Na futari yetu unaijua, tende, uji wa sukari, mihogo ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, yote wanga, na wanga kwa wingi kwa mara moja ndo unaoishusha zaidi, juu ya tumbo lililokaa kavu kutwa. Na kama kidonge cha presha anakimeza hapo hapo anapofuturu, vyote vinakutana.

Kama nyumbani kuna mashine ya presha, apimwe kabla ya kula akiwa amekaa, halafu kila nusu saa kwa masaa mawili, mwandike namba na saa. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi mmepata mwizi, mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Daktari ndo ataamua kidonge kihamie saa ngapi, msikiache wala kukipunguza kwa simu ya Maskati. Na funga yenyewe kwa umri wake na dawa zake ni ya kuzungumza na daktari na sheikh kabla mwezi haujaandama, sio katikati.

Kwa sasa, adhana ikiita atangulize maji glasi moja na nusu mpaka mbili, kama daktari hajamzuia maji kwa moyo au figo, maji kabla ya chakula yanaizuia presha kushuka. Tende mbili tatu, aswali kwanza, halafu ale kidogo, arudie kidogo baada ya isha. Kaimati zipungue, samaki na mayai viongezeke. Akimaliza asiinuke kama askari, akae dakika, ashike kitu, ndo asimame.

Bi Tabibu mambo, mimi dereva bodaboda Mwanza miaka 26. Asubuhi saa mbili nakunywa chai ya sukari ya kutosha na maandazi manne, saa tano kasoro nikiwa barabarani mikono inatetemeka, jasho, moyo unadunda, njaa ya ajabu, nikinywa soda napona. Ni chakula au ni barabara? (Abiria Shuka)

Usimbebe mtu ukiwa hivyo, simama kabisa. Yako ni ya saa ya tatu, imechelewa, kwa hiyo haina uhusiano na pilipili wala samaki. Sukari nyingi na unga mweupe vinapanda kwenye damu haraka, kongosho linaona mafuriko linamwaga insulini nyingi, sukari ikishashughulikiwa insulini bado ipo, sukari inashuka chini ya inapotakiwa, mwili unamwaga adrenalini kuipandisha, na adrenalini ndo hiyo mitetemo na jasho. Wengine inawapata waliowahi kufanyiwa oparesheni ya tumbo, kama wewe ni mmoja wao mwambie daktari. Na soda inakuponya saa hiyo ila inaanzisha mzunguko mwingine, ndo maana naamini saa nane unapata tena, hukuniandikia ila naamini.

Wiki hii fanya hivi, maandazi mawili, na mayai mawili au maharage au karanga, chai sukari nusu. Halafu ukipata ile hali pita duka la dawa lenye kipimo cha sukari, upimwe hapo hapo ukiwa unatetemeka, kabla ya soda. Ukisubiri mpaka umetulia hawataona kitu watakwambia ni mawazo. Ikiwa chini ya 4 kwa mashine inayosoma mmol/L umeijua, kunywa soda yako halafu nenda kituo cha afya na hiyo namba. Ikiwa kawaida niandikie tena, na uniandikie saa.